Namba Iliyofichika Katika Wakia ya Dhahabu

Katika soko la madini la mjini Geita, lililozinduliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo huweka dhahabu yake juu ya mizani, na mizani humjibu kwa gramu. Lakini bei ya dunia, ambayo muuzaji na mnunuzi wote huitazama, haitajwi kwa gramu. Hutangazwa London kwa dola za Marekani kwa kila wakia moja ya dhahabu safi. Kati ya gramu inayoonyeshwa na mizani na wakia inayotajwa katika bei iko namba moja tu:

wakia 1 ya dhahabu = gramu 31.1034768

Namba hii si makadirio. Baada ya tarakimu 8 ya mwisho hakuna tarakimu nyingine inayofuata. Mwanafunzi makini atajiuliza: je, imekuwaje kipimo cha kale, kilichotumika karne nyingi kabla ya gramu kubuniwa, kikalingana na gramu kwa desimali inayokoma? Jibu la swali hilo limo katika tabia za namba nzima, hasa katika namba tasa moja ndogo, yaani 7. Makala haya yanaeleza namba hiyo ilivyopatikana, ni ya aina gani, na kwa nini yafaa ieleweke na kila mtu anayeishi katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama.

1. Ratli ya pamba na ratli ya dhahabu

Mkoa wa Shinyanga unajulikana kwa pamba kama unavyojulikana kwa madini. Kwa hiyo mwalimu aweza kuanza somo kwa swali hili: ratli moja ya pamba na ratli moja ya dhahabu, ipi nzito zaidi? Wanafunzi wengi watacheka na kusema kwamba zote ni sawa. Kumbe si sawa. Ratli ya pamba ni nzito kuliko ratli ya dhahabu. Lakini wakia moja ya dhahabu ni nzito kuliko wakia moja ya pamba.

Sababu ni kwamba vipimo vya Kiingereza vilikuwa na mifumo miwili. Bidhaa za kawaida, kama vile pamba, sukari na nyama, zilipimwa kwa ratli yenye wakia 16. Dhahabu na fedha zilipimwa kwa ratli nyingine, yenye wakia 12 tu. Mifumo yote miwili ilijengwa juu ya kipimo kimoja kidogo sana kilichoitwa punje, ambacho asili yake ni uzito wa punje ya nafaka:

ratli ya kawaida = punje 7,000
wakia ya kawaida = punje 7,000 ÷ 16 = punje 437.5
ratli ya dhahabu = punje 5,760
wakia ya dhahabu = punje 5,760 ÷ 12 = punje 480

Kwa hiyo wakia ya dhahabu huizidi wakia ya kawaida kwa punje 42.5, ingawa ratli yake imepungua kwa punje 1,240. Ratli ya dhahabu imekwisha kuachwa, lakini wakia yake ingali inatumika duniani kote. Msomaji aikumbuke tofauti hii, kwa maana itahitajika tena mwishoni mwa makala.

2. Kwa nini 7 ilichaguliwa

Katika karne ya 20 nchi zilizotumia ratli zilikuwa na tatizo. Kila moja ilikuwa na ratli yake, na ratli hizo hazikulingana kabisa zilipopimwa kwa kilogramu. Kabla ya 1959 hali ilikuwa hivi:

Uingereza: kilogramu 0.453592338
Marekani: kilogramu 0.4535924277
Kanada: kilogramu 0.45359243

Tofauti hizo ni ndogo mno, wala hazikuonekana sokoni. Lakini maabara na viwanda vilivyohitaji usahihi mkubwa havikuweza kuzivumilia. Mwaka 1959 taasisi za vipimo za Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kuwa na ratli moja. Ilikubaliwa kwamba ratli hiyo iwe kilogramu 0.45359237 kamili.

Kwa nini namba hii na si nyingine? Msomaji achukue tarakimu nane za kila ratli baada ya kukadiria, aziandike kama namba nzima. Ya Uingereza itakuwa 45,359,234. Ya Marekani na ya Kanada zitakuwa 45,359,243. Namba ya mapatano ilifaa iwe kati ya hizo mbili, ili pasiwe na nchi inayolazimika kubadili kipimo chake kupita kiasi. Kuanzia 45,359,234 hadi 45,359,243 kuna namba nzima kumi. Miongoni mwa hizo kumi, ni moja tu inayogawanyika kwa 7 bila baki, nayo ni 45,359,237. Iliyo nyuma yake ni 45,359,230, na iliyo mbele yake ni 45,359,244. Zote mbili zimo nje ya mpaka.

Kugawanyika kwa 7 kulitakiwa kwa sababu ya punje. Ratli ina punje 7,000, na 7,000 = 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 7. Katika somo la sehemu mwanafunzi hufundishwa kanuni hii: sehemu iliyofanywa rahisi kabisa huwa desimali inayokoma endapo asili yake, yaani namba ya chini, haina kigawo tasa kingine isipokuwa 2 na 5. Ikiwa na kigawo kingine chochote, desimali yake hujirudia bila kukoma. Mle ndani ya 7,000, vigawo 2 na 5 havina matata. Mwenye matata ni 7. Ili uzito wa punje uwe desimali inayokoma, ni lazima namba ya juu iwe na 7 ya kuifuta ile ya chini. Ndivyo ilivyofanywa:

45,359,237 ÷ 7 = 6,479,891

Kwa hiyo punje moja ni gramu 0.06479891 kamili, na wakia ya dhahabu ni punje 480:

480 × 0.06479891 = 31.1034768

Kama wataalamu wale wangalichagua namba iliyofuata, yaani 45,359,238, wakia ya dhahabu ingalikuwa gramu 31.103477485714285714..., na kundi la tarakimu 571428 lingalijirudia milele. Hakuna mtu ambaye angaliweza kuuandika uzito wa wakia kwa ukamilifu katika desimali.

3. Kuivunja namba katika vigawo vyake tasa

Ili wakia ichunguzwe kama namba nzima, na izidishwe kwa 10,000,000. Hapo kipimo kinakuwa ni sehemu moja ya milioni kumi ya gramu, na wakia ya dhahabu inakuwa na vipande 311,034,768 vya namna hiyo. Je, vigawo tasa vya namba hii ni vipi?

Kazi yaweza kuanzwa kwa kanuni za shuleni.

Kwa 16: tarakimu nne za mwisho ni 4768, na 4768 ÷ 16 = 298. Basi namba yote inagawanyika kwa 16. Haigawanyiki kwa 32, maana 34,768 ÷ 32 huacha baki.

Kwa 3: jumla ya tarakimu ni 3 + 1 + 1 + 0 + 3 + 4 + 7 + 6 + 8 = 33. Namba 33 inagawanyika kwa 3, lakini haigawanyiki kwa 9. Basi 3 imo mara moja tu.

Kwa 7, 11 na 13: iko kanuni nzuri isiyofundishwa sana. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, namba kubwa yaweza kukatwa katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha mafungu hayo yakajumlishwa na kutolewa kwa zamu. Jibu likigawanyika kwa 7, au 11, au 13, namba yote nayo inagawanyika hivyo hivyo. Kwa wakia:

768 − 034 + 311 = 1,045

Namba 1,045 ni 11 × 95. Haigawanyiki kwa 7 wala kwa 13. Basi wakia ina kigawo 11. Kanuni hiyo hiyo ikitumiwa kwa ratli, yaani 45,359,237, matokeo ni ya kupendeza zaidi:

237 − 359 + 45 = −77

Namba 77 ni 7 × 11. Kwa mstari mmoja mwanafunzi amethibitisha kwamba ratli inagawanyika kwa 7, kama ilivyokusudiwa, na pia kwa 11, jambo ambalo halikuwa sharti la mtu yeyote.

Baada ya kutoa 16, 3 na 11 katika namba ya wakia, hubaki 589,081. Sasa pahitaji subira. Ni lazima kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine: 7, 11, 13, 17, 19, 23 na kuendelea. Zote huacha baki hadi inapofikiwa 97:

589,081 = 97 × 6,073

Je, 6,073 nayo ni tasa? Hakuna haja ya kujaribu namba zote zilizo chini yake. Namba isiyo tasa ni lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kwa kuwa 77 × 77 = 5,929, na 78 × 78 = 6,084, inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi 77, nazo ni 21 tu, kuanzia 2 hadi 73. Darasa lenye wanafunzi 42 laweza kugawana kazi hiyo, wanafunzi wawili kwa kila namba tasa, mmoja akigawanya na mwenzake akisahihisha. Wataona kwamba zote 21 huacha baki. Basi 6,073 ni namba tasa, na kazi imekwisha:

311,034,768 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 11 × 97 × 6,073
45,359,237 = 7 × 11 × 97 × 6,073
6,479,891 = 11 × 97 × 6,073

Mistari hii mitatu yaonyesha wazi undugu wa vipimo hivi. Namba ya punje, 6,479,891, imo ndani ya ratli na ndani ya wakia. Ndiyo Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizo mbili.

4. Wakia ni namba ya aina gani?

Tangu zama za kale wataalamu wa hesabu wamezipanga namba nzima katika aina mbalimbali, kama mtaalamu wa mimea anavyopanga miti. Ni wazi kwamba namba ya wakia ni shufwa, na kwamba si tasa. Lakini yako mambo mengine matatu ya kusema juu yake.

Kwanza, idadi ya vigawo vyake. Kila kigawo hupatikana kwa kuchagua 2 mara ngapi itumike (mara 0, 1, 2, 3 au 4, yaani njia tano), kisha kuchagua kama 3 itumike au la (njia mbili), na vivyo hivyo kwa 11, 97 na 6,073. Basi vigawo vyote ni 5 × 2 × 2 × 2 × 2 = 80. Namba ya ratli, ambayo vigawo vyake tasa ni vinne na kila kimoja kimo mara moja tu, ina vigawo 2 × 2 × 2 × 2 = 16.

Pili, jumla ya vigawo vyake. Nikomako wa Gerasa, aliyeandika kuhusu hesabu yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa namba shufwa katika makundi matatu kwa kulinganisha namba na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Baadaye mgawanyo huo ulitumika kwa namba zote. Jumla ikiwa sawa na namba, namba hiyo ni timilifu. Mfano ni 6, maana 1 + 2 + 3 = 6. Jumla ikiwa ndogo, namba ni pungufu. Jumla ikiwa kubwa, namba ni zidifu. Kwa wakia, jumla ya vigawo vyote 80 hupatikana hivi:

(1 + 2 + 4 + 8 + 16) × (1 + 3) × (1 + 11) × (1 + 97) × (1 + 6,073)
= 31 × 4 × 12 × 98 × 6,074
= 885,734,976

Namba yenyewe ikitolewa, hubaki 574,700,208, ambayo ni kubwa kuliko 311,034,768. Basi wakia ya dhahabu ni namba zidifu. Jambo hili lingeweza kujulikana bila hesabu ndefu, kwa sababu kila kigawe cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 ni namba zidifu, na wakia ina 2 na 3 ndani yake. Ratli, kwa upande wake, ni namba pungufu: jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni 11,784,955 tu.

Tatu, tarakimu zake. Mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar (1905–1986), aliyefundisha katika mji wa Devlali, alichunguza namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake zenyewe. Aliziita kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya kuleta furaha, yaani harshad. Jumla ya tarakimu za wakia ni 33, na 33 = 3 × 11. Namba 3 na 11 zote mbili ni vigawo vya wakia. Kwa hiyo

311,034,768 ÷ 33 = 9,425,296

bila baki. Wakia ya dhahabu ni miongoni mwa namba za furaha za Kaprekar. Yafaa mwanafunzi atambue kwamba tabia hii ni ya namna nyingine. Mgawanyiko katika vigawo tasa haubadiliki hata namba ikiandikwa kwa mfumo usio wa kumi. Jumla ya tarakimu hubadilika. Ile ya kwanza ni tabia ya namba yenyewe, na hii ya pili ni tabia ya namna ya kuiandika.

5. Njia ya kurudi haina mwisho

Mpaka hapa imeonekana kwamba kutoka wakia kwenda gramu desimali hukoma. Je, kutoka gramu kwenda wakia? Gramu moja ni wakia 10,000,000 ÷ 311,034,768. Sehemu hiyo ikirahisishwa kwa kugawa juu na chini kwa 16, hupatikana

625,000 ÷ 19,439,673

na asili yake ni 3 × 11 × 97 × 6,073. Hamna 2 wala 5 humo. Basi kwa kanuni ile ile iliyotajwa juu, desimali yake haikomi: 0.0321507... Urefu wa kundi linalojirudia hutokana na vigawo vya asili. Sehemu 1/97 peke yake hujirudia baada ya tarakimu 96. Kwa sababu 97 imo katika asili ya wakia, kundi lake haliwezi kuwa na tarakimu chini ya 96. Hakuna kikokotoo cha dukani chenye nafasi ya kuzionyesha.

Almasi haina shida hii. Mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulianzishwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, baada ya kugundua almasi mahali hapo mwaka 1940. Almasi hupimwa kwa karati, na tangu 1907 karati ya kimataifa imewekwa kuwa gramu 0.2 kamili, yaani sehemu 1/5 ya gramu. Kwa kuwa asili yake ni 5, desimali hukoma pande zote mbili: karati 1 ni gramu 0.2, na gramu 1 ni karati 5. Almasi maarufu ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Mwanafunzi aweza kuubadili uzito huo kichwani: 54.5 × 0.2 = gramu 10.9. Kipimo cha almasi kilitengenezwa upya ili kifuate gramu. Kipimo cha dhahabu kiliachwa kama kilivyokuwa, kikaunganishwa na gramu kwa msaada wa 7.

6. Hesabu hii sokoni

Huenda msomaji akasema kwamba tarakimu saba baada ya nukta ni za wataalamu, wala hazimhusu mchimbaji wa Nyarugusu. Na ichunguzwe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa dhahabu nyingi. Tani moja ya dhahabu, yaani gramu 1,000,000, ni wakia 32,150.75. Karani akitumia 31.1 badala ya 31.1034768, daftari lake litaonyesha wakia 32,154.34. Hizo wakia 3.59 za ziada, karibu gramu 112, hazipo popote isipokuwa katika karatasi. Akitumia 31 kamili, ataandika wakia 32,258.06. Hapo ziada ni wakia 107.32, zaidi ya kilogramu 3.3 za dhahabu isiyokuwapo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa kwa tarakimu zilizoachwa.

Mfano wa pili ni wa mtu mmoja. Tuseme bei ya wakia moja ni shilingi 9,000,000, nayo ni bei ya zoezi tu. Mchimbaji ana gramu 18, na kwa urahisi wa hesabu ichukuliwe kwamba dhahabu yake ni safi kabisa na kwamba makato yote hayajahesabiwa. Bei sahihi ya gramu moja ni 9,000,000 ÷ 31.1034768, yaani shilingi 289,357 hivi. Gramu 18 zina thamani ya shilingi 5,208,421.

Mnunuzi akimwambia kwamba wakia ni gramu 32, gramu moja itakuwa shilingi 281,250, na gramu 18 zitakuwa shilingi 5,062,500. Mchimbaji amepoteza shilingi 145,921 kwa sababu ya namba iliyokadiriwa kwenda juu.

Kosa la upande wa pili nalo lina madhara yake. Vikokotoo vingi vya simu, vikiulizwa wakia ni gramu ngapi, hujibu 28.35. Hiyo ni wakia ya kawaida, ile ya pamba, wala si ya dhahabu. Mchimbaji akiitumia, atapata kwamba gramu moja ni shilingi 317,460, na kwamba gramu zake 18 zina thamani ya shilingi 5,714,286. Atakapolipwa shilingi 5,208,421 atadhani ameibiwa zaidi ya nusu milioni, ilhali amelipwa haki yake. Ugomvi utazuka juu ya mizani iliyo sahihi. Uwiano wa wakia hizo mbili ni 480 kwa 437.5, au 192 kwa 175, na mtu anayeujua hatakosea wala hatadanganywa.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Bei ya gramu hupatikana kwa kugawa bei ya wakia kwa 31.1034768, na ukadiriaji hufanywa mara moja tu, mwishoni kabisa, bei ikiisha kuzidishwa kwa gramu zilizopimwa. Katika biashara ndogo 31.1035 inatosha: kosa lake kwa wakia moja ni chini ya sehemu moja ya kumi elfu ya gramu. Lakini 31, 32 na 28.35 hazifai.

7. Maswali ya kujipima

(a) Tumia mafungu ya tarakimu tatu tatu kuthibitisha kwamba 6,479,891 inagawanyika kwa 11 lakini haigawanyiki kwa 7.

(b) Masonara wa India na wa Ghuba hupima dhahabu kwa tola, na tola 1 ni punje 180. Tafuta tola moja ni gramu ngapi. Andika jibu kama namba nzima ya sehemu za milioni kumi za gramu, ulivunje katika vigawo tasa, na utaje lina vigawo vingapi. Je, ni namba ya furaha ya Kaprekar?

(c) Mche wa dhahabu unaotumika katika biashara ya London huwa na uzito wa karibu wakia 400. Wakia 400 ni gramu ngapi kamili?

(d) Eleza kwa nini miongoni mwa namba nzima kumi zinazofuatana ni lazima iwepo angalau moja inayogawanyika kwa 7, na kwa nini haziwezi kuwa tatu.

Majibu: (a) 891 − 479 + 6 = 418 = 11 × 38, na 418 ikigawanywa kwa 7 huacha baki 5. (b) Gramu 11.6638038; 116,638,038 = 2 × 3 × 3 × 11 × 97 × 6,073; vigawo 48; si namba ya furaha, maana jumla ya tarakimu zake ni 36, nayo haigawanyiki kwa 4. (c) Gramu 12,441.39072. (d) Vigawe vya 7 hupishana kwa 7, hivyo kila namba saba zinazofuatana zina kigawe kimoja. Ili viwepo vitatu, zahitajika namba zisizopungua 15.

Mwalimu wa Geita, Kahama au Shinyanga mjini ana bahati ya kuwa na somo hili karibu naye. Mwanafunzi aliyemaliza mazoezi haya na apewe kazi moja zaidi: aikague hesabu ya mauzo ya mzazi au jirani aliye tayari kumwonyesha stakabadhi yake, aone bei ya wakia iligawanywa kwa namba gani.